Kukiandaa chuo cha ualimu Mtwara kiombe hadhi ya chuo kikuu

Anzeni na wahadhiri, si majengo, kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, hupima walimu, mitaala na maktaba kabla chuo hakijapewa ithibati. Ingieni maktabani wenyewe, mfungue kitabu kimoja kimoja, mtazame kama unyevu wa pwani umegandisha kurasa, kisha mhesabu viti.

Nchini India, ambako Sheria ya Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ya 1956 huiruhusu Serikali Kuu kuipa taasisi hadhi ya chuo kikuu kwa ushauri wa tume hiyo, utaratibu ni tofauti, msiuige.

Naomba sana, mazoezi ya kufundisha katika shule za Mikindani na Nanyamba yabaki ndani ya mtaala mpya, yakiwa na msimamizi na muda wake.