Namna ya Kupima Madai ya Galen Kuhusu Mwili wa Binadamu

Anayetaka kuyasoma maandishi ya Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamo, mji wa Kigiriki katika Uturuki ya leo, mwaka 129 B.K. na kuja kuwatibu makaizari wa Roma, asikimbilie kuuliza kama alipatia au alikosea. Aulize kwanza ni mnyama gani aliyelazwa mezani, kwa kuwa desturi za zama zile zilizuia upasuaji wa maiti za watu, naye akajifunza kwa nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe.

Hatua ya kwanza ni kutenga yale aliyoyajaribu mwenyewe, kwani hapo ndipo alipo imara. Mbele ya watazamaji, alikaza uzi kwenye neva zinazokwenda kwenye zoloto (kiungo cha sauti kilichomo kooni) la nguruwe aliye hai. Mnyama aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza papo hapo, ingawa aliendelea kupumua. Kwa jaribio hilo alionyesha kwamba sauti hutawaliwa na ubongo kupitia neva, wala si na moyo, kama wengi walivyoshikilia. Dai la namna hii lipokelewe kwa heshima.

Kisha yatafutwe yale aliyoyahamisha kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu. Wavu wa mishipa ya damu alioueleza chini ya ubongo upo kwa ng'ombe na kondoo, lakini binadamu hana. Na taya la chini, alilodai kuwa ni mifupa miwili, Vesalius, mpasuaji wa maiti za watu, alilieleza mwaka 1543 kuwa ni mfupa mmoja.

Kundi gumu zaidi ni la madai yaliyozaliwa na nadharia. Galen aliamini kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na kwamba viungo huitumia ikaisha. Basi ili sehemu yake ifike upande wa kushoto wa moyo, alihitaji vitundu visivyoonekana katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis, tabibu Mwarabu, alivikana katika karne ya 13, akasema damu hupitia mapafuni. Hapa kipimo kifaacho ni hesabu, kama alivyofanya Harvey, tabibu Mwingereza, mwaka 1628: damu inayosukumwa na moyo kwa nusu saa huzidi damu yote iliyomo mwilini, na hakuna chakula kinachoweza kuizalisha kwa kasi hiyo.