Jinsi ya kusoma utafiti wa prioni bila kutishwa na vichwa vya habari

Kila baada ya muda inazunguka habari ya "kulungu zombi", yaani kulungu wenye ugonjwa wa ubongo unaoletwa na prioni, na watu wanaanza kuulizana kama nyama bado inalika, na ukifungua utafiti wenyewe unakuta maneno magumu mpaka unaufunga. Usiufunge. Kuna vitu vichache tu vya kutafuta, ukivijua unausoma hata kama baiolojia uliiacha shuleni.

Kwanza weka picha hii kichwani: prioni si kirusi wala bakteria, ni protini. Hiyo protini inaitwa PrP, unayo tayari, iko kwa wingi kwenye seli za neva na haina neno. Balaa linaanza ikijikunja vibaya, maana iliyokunjika vibaya ikikutana na nzima inaifanya nayo ijikunje vilevile, nayo inaenda kuharibu nyingine, mpaka ubongo unakuwa na vitundu kama sponji. Stanley Prusiner ndo alitoa jina la prioni mwaka 1982, wengi wakambishia, 1997 akapewa Nobel. Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa panya wa mwaka 1993: waliwaondolea panya jeni ya PrP, wakawachoma prioni za skrepi (ule ugonjwa wa kondoo), panya wakaendelea na maisha yao kama kawaida. Hakuna PrP ya kuharibu, hakuna ugonjwa.

Haya, sasa fungua utafiti. Ruka utangulizi, nenda kwenye mbinu, tafuta jibu la swali moja: prioni ziliingiaje mwilini? Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Mara nyingi wanachukua ubongo wa mnyama mgonjwa, wanausaga na maji ya chumvi mpaka uwe kama uji mwepesi, halafu wanachoma kama mikrolita 30, yaani haifiki hata tone, moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya. Hiyo ndo njia kali kuliko zote. Panya akiumwa hapo umejifunza kwamba inawezekana, hujajifunza kwamba ukila utaumwa, hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na kichwa cha habari kitakuchanganyia makusudi.

Ukishajua njia, angalia panya mwenyewe ni yupi. Wengi wamewekewa jeni ya PrP ya binadamu au ya kulungu, kwa sababu prioni za mnyama mmoja zinapata shida kugeuza PrP ya mnyama mwingine, wenyewe wanaita kizuizi cha spishi. Wakati mwingine jeni imetiwa nguvu mpaka PrP inatengenezwa mara kadhaa kuliko kawaida, hilo linaandikwa kwa maneno machache sana, ukilipita umepotea.

Kisha tafuta muda. Utafiti unaosema "hawakuumwa" uulize waliangaliwa mpaka lini. Kuru, ugonjwa wa prioni kwa binadamu kule Papua New Guinea, ilienea kwa desturi ya mazishi ya kula maiti, desturi iliisha miaka ya 1950 mwishoni, lakini kuna watu walianza kuumwa zaidi ya miaka 50 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo mnyama aliyefuatiliwa miaka miwili tu hajakuambia mengi.

Kipimo cha RT-QuIC nacho utakutana nacho kila mahali. Wanaweka PrP ya maabara kwenye vishimo vidogo pamoja na rangi inayong'aa, wanadondoshea sampuli, mashine inatikisa, kama kuna prioni PrP inaanza kuganda na mng'ao unapanda. Kwa CJD, ugonjwa wa prioni unaoharibu ubongo wa binadamu, kwa kutumia maji ya uti wa mgongo, kinakamata zaidi ya 90% ya wagonjwa, ni kipimo kizuri kwelikweli. Ila kinaonyesha kwamba kuna kitu cha kuanzisha mgando, hakikuambii kama hicho kitu kinaweza kuambukiza kiumbe hai. Ukisoma "prioni zimepatikana kwenye udongo" na wametumia RT-QuIC peke yake, shusha presha.

Kwa tafiti za binadamu tafuta namba 129. Ni sehemu moja ya jeni ya PrP, unaweza kuwa na metionini mbili, valini mbili, au moja moja (hizo ni aina mbili za vipande vinavyojenga protini). Karibu wagonjwa wote waliopata vCJD, ile aina ya CJD inayotokana na kichaa cha ng'ombe, walikuwa na metionini mbili. Uingereza ilirekodi wagonjwa 178, utafiti usiotaja 129 nausoma kwa jicho moja.

Mwisho, usiishie na utafiti mmoja. Nyani wadogo wa aina ya skwirel waliumwa walipopewa prioni za kulungu, hata kwa kulishwa. Nyani wa aina ya makaki, ambao wako karibu zaidi na sisi, kundi moja la watafiti Marekani liliwafuatilia hadi miaka 13 na halikuona ugonjwa, kundi jingine likaripoti dalili. Mtu akikutumia mmoja wapo, mwombe na ule mwingine.