Kuchukua sampuli ya utumbo wa sato, kutoka kwenye kizimba hadi kwenye friza

Mfugaji akiniletea ndoo yenye sato waliokufa tangu alfajiri na kuniuliza kinachowaua, namwonea huruma, maana sehemu kubwa ya jibu imeshaoza. Samaki akishakufa kwenye joto la Mwanza, bakteria waliokuwa wachache tumboni wanazaliana kwa kasi, wengine wanakufa, na ukuta wa utumbo wenyewe unaanza kumeng'enyeka. Ukimpasua saa nne asubuhi unaona hali ya mzoga. Ya samaki imeshapotea.

Hatua hizi ndizo ninazofuata mimi kwenye vizimba vya Ziwa Victoria. Nawaandikia maofisa uvuvi, wanafunzi wanaoanza utafiti, na wafugaji wanaoshirikiana na maabara.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na utumbo? Samaki hana uboho wa kutengeneza damu ndani ya mifupa, wala hana matezi ya limfu kama ng'ombe. Kinga yake inategemea figo ya kichwa, bandama, thaimasi (tezi ya kinga), na ute unaofunika ngozi, matamvua na utumbo. Mwaka 2005 iligunduliwa kingamwili ya samaki inayoitwa IgT, na mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi na samaki aina ya trauti walionyesha kwamba ndiyo inayolinda utumbo, huku kingamwili nyingine, IgM, ikitawala kwenye damu. Kwenye ute huohuo ndipo wanapoishi bakteria wema, akiwemo Cetobacterium somerae, mwenyeji wa kawaida wa tumbo la sato, anayetengeneza vitamini B12. Kinga na bakteria wanakutana hapo kila siku, na ndipo tunapotaka kuchungulia.

Hatua ya 1: Chagua samaki kabla ya kushika wavu

Usichukue wagonjwa peke yao. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na halirekebishiki ukisharudi maabara. Bila samaki wazima kutoka vizimba vingine vya shamba hilohilo, wenye umri uleule na wanaokula chakula kilekile, hutajua kama ulichokiona ni ugonjwa au ndivyo sato wa eneo hilo walivyo.

Kumbuka pia kwamba samaki kumi wa kizimba kimoja wameshiriki maji, chakula na mavi. Kwa hesabu za utafiti hao si mashahidi kumi. Wanakaribia kuwa shahidi mmoja. Heri samaki wanne wanne kutoka vizimba sita kuliko ishirini na wanne kutoka kizimba kimoja.

Muulize mfugaji amelisha lini mara ya mwisho, na kama amewahi kuchanganya oksitetrasaiklini au dawa nyingine kwenye chakula. Muulize kwa upole, ukikaa naye, si kwa sauti ya mkaguzi. Akihisi anashtakiwa atakuficha, na matokeo yako yote yatakuwa na shimo usilolijua. Chukua pia maji ya kizimba, lita moja, na konzi ya chakula anachotumia.

Hatua ya 2: Vifaa

Vichupa vya mililita 2 vyenye kifuniko cha kusokota, ethanoli ya asilimia 96 ya kuhifadhia na ya asilimia 70 ya kusafishia, mafuta ya karafuu, glovu, visu vya upasuaji, mizani, rula, taa ya spiriti, na deli lililojaa barafu. Mikasi na vibano viwe seti mbili: ya kwanza ya ngozi na magamba, ya pili ya ndani tu.

Lebo andika kwa penseli, kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachoingia ndani ya kichupa, kisha urudie nje. Nilipoanza kazi hii niliandika vichupa 36 kwa maka peni. Kimoja kilivuja njiani, ethanoli ikasambaa, na nilipofungua deli jioni nilikuta vichupa vyeupe vyote, wino umeyeyuka wote. Samaki 36 walikuwa wamekufa bure. Jambo hilo bado linaniuma.

Hatua ya 3: Mlaze samaki

Mafuta ya karafuu, ya Pemba au ya kwingine, hayachanganyiki na maji yenyewe. Changanya sehemu moja ya mafuta na sehemu tisa za ethanoli, kisha tia mililita 4 za mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji ya ziwa. Sato atashindwa kujisimamia majini, atalala ubavu, na matamvua yatapungua kupiga. Kama unahitaji damu, ichukue sasa kwenye mshipa wa mkia, moyo ukiwa bado unapiga. Kisha mrudishe kwenye maji hayohayo ya karafuu na umwache dakika 10 baada ya matamvua kusimama kabisa. Shughulikia samaki mmoja mmoja. Usilaze ndoo nzima halafu wengine wakusubiri wakiwa wamekufa. Samaki aliyeuawa hivi haendi jikoni, hata mfugaji akikuomba.

Mpime uzito na urefu. Angalia macho, mapezi na matamvua, uandike unachokiona kabla hujakisahau.

Hatua ya 4: Kupasua

Hapa usiharakishe. Mlaze kwa ubavu wa kulia, mfute kwa ethanoli ya asilimia 70, subiri ikauke. Anza kukata mbele kidogo ya tundu la haja, si kwenye tundu lenyewe, ukienda mbele katikati ya tumbo. Ncha ya mkasi ielekee juu, kwako, ili isitoboe utumbo. Kisha panda nyuma ya shavu hadi karibu na uti wa mgongo, ufunue nyama kama mlango.

Badilisha glovu, chukua seti ya pili ya vifaa.

Kabla hujagusa kitu, tazama. Ini la sato mzima ni la rangi ya kahawia iliyoiva. Likiwa la njano na linateleza, mara nyingi ni mafuta ya chakula kisichofaa. Nyongo iliyojaa na kuvimba inaonyesha samaki hajala kwa muda. Ikwepe sana nyongo, maana ikipasuka inamwagikia kila kitu na kuua baadhi ya bakteria unaowatafuta. Bandama ni nyekundu iliyokolea, ndogo, imejificha kati ya mikunjo ya utumbo. Maji ya pinki ndani ya tumbo pamoja na vidonda vya damu yananifanya nimfikirie bakteria aitwaye Aeromonas. Macho yaliyotokeza na samaki aliyekuwa akizunguka duara majini vinanipeleka kwa bakteria mwingine, Streptococcus agalactiae.

Mpangilio ndio unaookoa kazi: anza na viungo visivyotakiwa kuwa na bakteria, malizia na utumbo. Choma kijiti cha pamba safi kwenye figo ya kichwa, ile iliyo juu kabisa nyuma ya matamvua, kisha kingine kwenye ubongo, kwa ajili ya kuotesha bakteria maabara. Kata vipande vidogo vya ini na ubongo uvihifadhi kivyake kwa uchunguzi wa virusi. Mwaka 2018 virusi vya TiLV, vinavyoshambulia sato, viliripotiwa kwa sato wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda, tena kwa samaki wasioonyesha dalili. Kipimo cha bakteria hakiwezi kuviona kamwe.

Sasa utumbo. Ni mrefu kuliko unavyotarajia, mara tano ya urefu wa samaki au zaidi, mwembamba, umejikunja kama kamba ya nanga iliyowekwa vizuri ndani ya mtumbwi. Ufungue taratibu kwa kibano, uutandaze kwenye sahani safi. Tenganisha tumbo la mbele, kwa kuwa sato akiwa anasaga chakula tindikali yake hushuka chini ya pH 2, na bakteria wa humo ni habari nyingine kabisa. Mimi hupima sentimita 5 za utumbo wa nyuma, kipimo kilekile kwa kila samaki.

Kamua kilichomo ndani kwa kibano, kiingie kichupa A. Pasua kipande hicho kwa urefu, kisuuze mara moja kwa seline (maji ya chumvi ya maabara) safi, kisha kwangua ute kwa mgongo wa kisu uingie kichupa B. Tafadhali usivichanganye viwili hivi kwa kutaka kupunguza gharama. Wengi wa waliomo kwenye chakula ni wapita njia, waliokuja na pumba na maji. Waliong'ang'ania kwenye ute ndio wenyeji wanaozungumza na kinga ya samaki. Nimeona samaki wa kizimba kimoja wanafanana sana kwenye kichupa A na kutofautiana waziwazi kwenye B.

Kipande cha jirani kiweke kwenye fomalini ya asilimia 10, kiasi cha fomalini kiwe mara kumi ya nyama, kwa ajili ya kutazama vinyweleo vya utumbo na seli zinazotoa ute. Kingine kiingie kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA kama mnapima jeni za kinga.

Hatua ya 5: Kichupa kitupu

Fungua kichupa kisicho na samaki, kitie seline ileile, kiguse kwa kibano kilekile, kifunge, kiende na wenzake hadi mwisho. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba hata kemikali za kutolea DNA zinakuja na DNA ya bakteria zao wenyewe. Sampuli ya ute ni ndogo, hivyo uchafu huo unaweza kuifunika. Bila kichupa kitupu huna namna ya kuutambua.

Hatua ya 6: Barafu

Dakika ni chache. Kila kichupa kikijaa kiende kwenye deli papo hapo, na usiku huohuo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama friza hiyo haipo, tumia ethanoli mara tano ya ujazo wa sampuli, kwa sampuli zote, si nusu hivi na nusu vile. Usiyeyushe na kugandisha tena.

Hatua ya 7: Majibu yakirudi

Kusoma jeni ya 16S, ile inayotumika kutambua bakteria, kunakupa majina ya bakteria na uwiano wao. Hakukuambii ni wangapi kwa idadi, wala kama wako hai. Cetobacterium akishuka kutoka nusu hadi robo, huenda amepungua kweli, au huenda mwingine ameongezeka na kumsukuma. Linganisha na ulichoona kwa macho, na kilichoota kutoka kwenye figo na ubongo. Mfugaji asikimbilie kununua unga wa Bacillus, bakteria wema wa kuchanganya kwenye chakula, kwa sababu ya mchoro mmoja wa rangi. Agawanye vizimba, nusu vipate na nusu visipate, kwa wiki nane, apime uzito na vifo.

Kabla ya kuondoka ufukweni

Mabaki yachomwe au yafukiwe kwa chokaa mbali na maji, yasirudishwe ziwani. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, hasa ukiwa na mkwaruzo, kwa kuwa Streptococcus wa sato anaweza kumwingia binadamu. Nyavu na ndoo zioshwe kwa dawa, zianikwe juani zikauke kabisa kabla ya kutumika kwenye kizimba kingine.