Jinsi ya kuandika mwanaume aliyerudi vitani bila kumfanya kichaa wa kwenye muvi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Stori yangu ya kwanza ya askari aliyerudi nyumbani nilijaza kila kitu, jinamizi, jasho, chupa ya pombe, bastola kwenye droo, na ile sini ambayo mlango unabamizwa jamaa anajitupa chini ya meza. Nikampa dada mmoja asome, baba yake alikuwa mwanajeshi, akasoma yote kimya halafu akaniambia baba hakuwahi kujitupa chini ya meza hata siku moja, ila pale kwao hakuna mtu aliyekuwa anapita nyuma ya kiti chake, na wala hakuna aliyewahi kuambiwa asipite. Basi. Stori nzima nikaitupa.

Sasa hapo ndipo pa kuanzia. Kidonda cha akili kisichotibiwa hakikai kwa mwenye nacho peke yake, kinahamia kwenye nyumba. Watu wanajua mguu wake ukoje akiingia, wanajua leo redio iwashwe au isiwashwe, mke anajua hamwamshi kwa kumgusa bega, anasimama mbali pale mlangoni anamuita jina mpaka aitike, na watoto wamekua wakidhani ndivyo baba wote wanavyoamshwa. Ukiandika hiyo nyumba vizuri, msomaji atamuona mwanaume hata kabla hajaingia kwenye ukurasa.

Kabla hujaandika sentensi moja, kaa chini uamue nini kilimpata kule, ukiandike kwenye karatasi pembeni, na usikiweke kwenye stori. Wewe tu ujue. Maana vita haviumizi wote sehemu moja. Kuna aliyeponea chupuchupu, huyo mwili wake haujakubali kwamba vimeisha, machale yanamcheza saa zote, atakaa akiangalia mlango, kwenye umati atatafuta pa kutokea. Kuna aliyefiwa na rafiki. Halafu kuna aliyefanya kitu, au alishindwa kufanya kitu, na huyu ndiye waandishi wengi tunamkosea kwa sababu tunampa dalili za yule wa kwanza. Anayejilaumu wala kelele hazimsumbui sana, anachokimbia ni sifa. Ukimwita shujaa anaondoka chumbani. Ukimpa mtoto mchanga ambebe anatafuta sababu ya kumrudisha. Kitu kizuri chochote kikimjia anakiharibu maana moyoni anaona hakistahili. Ukichanganya hawa wawili bila kujua unachofanya, msomaji hataweza kukuambia kosa liko wapi ila hatamwamini huyo jamaa.

Na ganzi, tafadhali usiisahau ganzi. Virginia Woolf kwenye Mrs Dalloway ya 1925 ana askari anaitwa Septimus, rafiki yake Evans anauawa vita vikikaribia kuisha na yeye anajipongeza kabisa kwamba hajahisi kitu, kaipokea kiume. Baadaye ndiyo hofu inamshika, anagundua hahisi chochote kwa mtu yeyote. Anapelekwa kwa daktari, daktari anasema huyu hana tatizo lolote. Mimi hiyo ya kutohisi naiona inatisha kuliko jinamizi lolote, mwanaume amekaa msibani anaangalia wenzake wanalia na anajua yeye anapaswa kulia pia, anabaki anahesabu viti.

Swali linalofuata ni kwa nini hajatibiwa, na hapa usijibu kwa kusema tu wanaume wagumu. Angalia mwaka wa stori yako. Daktari Charles Myers alilitumia jina "shell shock", yaani lile walilokiita enzi hizo kidonda cha akili cha askari, kwenye jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1915, lakini katika vita hivyohivyo, Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Uingereza lilipiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama kutoroka na woga, na msamaha wao ulikuja 2006. Sasa mhusika wako aliyeona mwenzake anafungwa kwenye nguzo, atakwenda kumwambia nani kwamba mikono inamtetemeka? Atameza mpaka anakufa. PTSD, jina la kitabibu la sasa la kidonda cha akili kinachobaki baada ya tukio la kutisha, nayo iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa hiyo stori ya 1972 ambayo daktari anatamka PTSD imeshajiharibia. Zama hizi jina lipo, matibabu yapo, hapo sababu itafute kwingine, anaogopa kupoteza kazi, anaogopa kunyang'anywa silaha, au anaona akipona atakuwa amewasaliti wale waliobaki kule. Hiyo ya mwisho inauma, itumie.

Kitu kingine ambacho watu hawajui, dalili zinaweza kuchelewa miezi 6 au hata miaka. Jamaa anarudi, anapata kazi, anachapa kazi kuliko wote, anasifiwa. Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaziba. Anastaafu, nyumba inatulia, mambo yanaanza. Au mwanawe anafikisha umri fulani, umri wa mtu aliyemuona kule. Ukimchelewesha hivyo hata familia haitaunganisha nukta, wataona tu mzee kabadilika, wataanza kulaumu umri, mke, pombe.

Hasira nayo ipeleke pasipostahili. Boro wa Ngugi kwenye Weep Not, Child, kitabu cha 1964, anarudi Vita Vikuu vya Pili bila ndugu yake Mwangi, na sehemu kubwa ya uchungu wake inamwangukia nani? Baba yake mzazi. Waliomtuma hawafikii, baba yupo hapohapo sebuleni.

Kuhusu maongezi nina ushauri mfupi, asieleze. Atasema niko poa, nimechoka tu, utani kidogo, au atadanganya. Kuna hadithi fupi ya Hemingway ambayo kijana anarudi anakuta watu washachoka stori za vita, anaanza kutia chumvi ili wamsikilize, mwishowe uongo wake mwenyewe unamtia kichefuchefu. Na kama lazima aongee sana basi iwe mara moja na iwe imechelewa. Rambo wa kwanza, ile ya 1982, mwisho wake ni mwanaume analia kama mtoto akimsimulia kamanda wake rafiki aliyelipuliwa na bomu, na inaingia kwa sababu muvi nzima alikuwa haongei. Cha ajabu walioiga wameiga bunduki, kilio wamekiacha palepale.

Vya kuepuka havihitaji maneno mengi. Usimfanye muuaji wa mtaani, wengi wanaorudi vitani hawaugui kabisa na wanaougua wengi wao hawamgusi mtu, wanajifungia. Usimponye kwa mapenzi ya mwanamke. Usimponye kwa kikao kimoja na daktari mwenye busara, matibabu halisi ni vikao baada ya vikao na katikati kuna siku mtu anatoka akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia, na ukiandika hiyo siku mbaya utakuwa umefanya kitu ambacho wachache wamefanya.

Hiki hapa kipande kutoka stori yangu ya pili, uone ninachomaanisha:

Saa nane usiku akaamka akaenda kushika kitasa. Mlango umefungwa. Akarudi mpaka katikati ya korido, akageuka, akakishika tena. Mtoto alikuwa chooni, hakuvuta maji, hakuzima taa, akasimama tu mkono ukiwa ukutani mpaka aliposikia kitanda cha baba kimelia, ndipo akatoka kwa ncha za vidole.

Rasimu ya kwanza ya hicho kipande ilikuwa na mistari mingine kumi hivi chini yake, nikieleza ni usiku gani kule vitani mlango uliachwa wazi na nani alilipia. Fanya kama nilivyofanya mimi, ukimaliza kuandika tafuta kila penye neno vita, lifute pamoja na sentensi yake, lala, kesho soma tena uone ni ngapi zinalilia kurudi. Kwangu ilirudi moja, na haikuwa ya huyo baba, ilikuwa ya mtoto akimuuliza mama yake kwa nini wao choo chao hawavuti maji usiku.