Somo: Mikanda ya usalama ya gari la mbio, namna ya kuichagua na kuifunga (soma kabla ya kunitumia picha)

Wiki hii peke yake nimeletewa picha tisa za mikanda, kila moja na swali lilelile: "Yaya (yaani kaka mkubwa), iko sawa?" Saba hazikuwa sawa, na kosa lilikuwa moja. Naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitamwambia namba ya hatua.

Niko Lubumbashi, gari langu ni Corolla ya zamani iliyovuliwa kila kitu nyuma. Mimi si injinia. Nilikosea, nikaumia mgongo, nikalazimika kujifunza.

1. Arso kwanza, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari inayolinda paa lisikushukie. Mkanda wa mbio unakushika wima, huwezi kulala upande. Gari likipinduka na paa likashuka, kichwa chako ndicho kitalipokea. Huna arso ndani ya gari? Baki na mkanda wa kiwandani wa pointi tatu.

2. Kiti. Kiwe cha mbio, cha ganda moja, chenye matundu ya mabega na tundu la chini. Kiti cha kulaza mgongo hakifai.

3. Kununua. Nunua pointi 6: mbili za mabega, mbili za nyonga, mbili za mapaja. Ule wa pointi 4, usio na mapaja, una ubaya huu: ukigonga, mikanda ya mabega inavuta bizimu kwenda juu, nyonga zinateleza chini yake, na mkanda uliokuwa juu ya mfupa unaingia tumboni, penye ini na utumbo. Mikanda miwili ya mapajani ndiyo inayoizuia bizimu isipande.

Tazama lebo iliyoshonewa. Ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) iandikwe 8853-2016, na mwaka wa kuisha umo humohumo. Ya SFI (taasisi ya viwango vya mbio ya Marekani) 16.1 au 16.5 inahesabiwa miaka 2 tangu tarehe ya kutengenezwa, si tangu siku uliyoipokea. Kwa sisi ambao mzigo unashuka Dar es Salaam na kusubiri mpakani Kasumbalesa, hiyo ni hesabu ya kufanya kabla ya kulipa. Mkanda usio na lebo, hata uwe na rangi nzuri namna gani, ni wa kufungia magodoro. Wa mtumba, kama hujui uliwahi kugonga au la, uache.

4. Nanga za chini. Matundu ya mikanda ya kiwandani kwenye magari mengi ni ya buloni 7/16 UNF. M10 itaingia ikicheza, isikudanganye. Ukitoboa tundu jipya, weka chini ya bati plaketi ya chuma ya milimita 3, yenye eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba. Rondela (washa) kubwa si plaketi. Mkanda wa nyonga ushuke kwa mwinamo mkali, kama digrii 60 hivi kwa kiti cha kawaida, na usikwaruze ukingo wa kiti.

5. Mikanda ya mabega. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa mnivumilie.

Sikuwa na bomba la kukata (linalovuka gari upande hadi upande) nyuma ya kiti. Nikaona matundu ya mikanda ya abiria wa nyuma yapo sakafuni, imara, ya bure. Nikafunga mabega pale. Mkanda ukatoka begani, ukapanda mgongo wa kiti, ukashuka hadi sakafuni kama kamba ya hema. Ulikaza vizuri sana, nilijisifu. Siku ya kujaribu nikateleza kwenye udongo nikagonga tuta, mwendo wa kawaida tu, gari lilipinda bampa. Mimi nililala kwenye mkeka wiki tatu. Sababu ni hii: mwili ukienda mbele, mkanda ulioelekea chini hauvuti nyuma tu, unavuta mabega chini kuelekea kiti. Uti wa mgongo unabanwa kama kopo lililokanyagwa. Mkanda ulifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyeuelekeza pabaya.

Kwa hiyo: kutoka begani mkanda uende nyuma karibu usawa. FIA wanashauri usizidi digrii 10 kushuka, na kamwe usivuke 45. Usielekee juu pia, maana utateleza begani. Unahitaji bomba la kukata kwenye arso, kimo cha mabega yako, karibu na kiti, kwa kuwa mkanda mrefu unanyooka zaidi. Pima ukiwa umekaa ndani na kaske (kofia ngumu) kichwani, na mtu mwingine ashike kipimo. Ukipima kiti kitupu umepima kiti.

Namna ya kufunga kwenye bomba: zungusha, pitisha kwenye chuma cha vipingo vitatu, kisha rudisha mkia kwenye kipingo mara ya pili. Ukipitisha mara moja utakaza leo na utateleza siku unayouhitaji. Chuma kikae kimeshikana na bomba, mkia ubaki sentimita 10.

Mambo mawili kwa suderi wako (fundi wa kuchomelea). Asitoboe bomba la arso ili kupitisha buloni. Na asichomee chochote wakati mikanda iko ndani ya gari: cheche moja ndogo inakata nyuzi, na tundu lake hulioni.

6. Kuvaa. Nyonga kwanza, chini ya kitovu, juu ya mfupa, ukaze hadi ukereke. Halafu mapaja. Mabega mwisho. Ukianza na mabega unapandisha bizimu tumboni na kazi yote ya hatua ya 3 imekufa. Baada ya mzunguko wa kwanza kaza tena, kwa sababu mwili unakaa.

7. Kutoka. Jizoeze kufungua na kutoka macho yakiwa yamefungwa.

---

MASWALI

Mwana_Katuba: Yaya, miye niko na ile mikanda ya kupanda juu, ya ku mugodi. Iko mupya kabisa, nguvu sana. Inaweza kutumika?

Jibu: Hapana. Ile inakushika ukianguka kutoka juu, haikukazi kitini. Irudishe kwa mwenyewe.

Mwana_Katuba: Nani alisema si yangu?

Jibu: Sikusema kitu.

GTi_Kampemba: Sijasoma yote, niko kazini. Pointi 4 inatosha kama naendesha polepole?

Jibu: Hatua ya 3.

Vieux_Freni: Mdogo wangu, unatisha watu. Sisi tumekimbia miaka kumi na mikanda sakafuni, bila arso, na tuko hai.

Jibu: Papa, nafurahi mko hai. Mimi pia niko hai. Ila sijainua debe la maji kwa mkono mmoja tangu ile siku. Waliosalimika wanasimulia, waliovunjika hawako hapa kukujibu.

Dada_wa_Starlet: Habari kaka. Mimi ni mfupi. Nikikaa, matundu ya kiti yako juu ya mabega yangu karibu kiganja kimoja. Nimefikiria kuweka mto chini. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, umeuliza kabla ya kukata, asante. Mto laini usiweke: ukigonga unajibana, mwili unashuka, na mikanda yote inalegea kwa wakati mmoja. Tundu likiwa juu kidogo ya bega si shida, lakini kiganja kizima ni kiti kikubwa kwako. Tafuta saizi ndogo. Ukishindwa, inua kwa kitu kigumu kilichofungwa, kisichokunjika kwa kidole, halafu upime tena mwinamo wa nyonga, kwa sababu nao umebadilika. Bomba la suderi lije baada ya kiti, lisije kabla.

Kasenga_Drift: HANS ni lazima? Naona ni ya matajiri.

Jibu: Swali zuri. HANS ni kifaa cha mabegani kinachoshika kaske ili kichwa kisiruke mbele. Mkanda mzuri unashika kiwiliwili, kichwa na kaske vinaendelea mbele, shingo inabeba tofauti. Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alikufa Daytona mwaka 2001 kwa kuvunjika msingi wa fuvu. Kifaa kilikuwepo tangu miaka ya 1980, alikibuni Robert Hubbard pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva, lakini wengi walikiona kero. Formula 1 ikakilazimisha mwaka 2003. Ukikipata, mikanda ya mabega ikae juu ya mabawa yake, na rudi hatua ya 5 upime mwinamo upya. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua hicho kabla ya rimu.

Ruashi_Turbo: Nyongeza: kiangazi hiki vumbi jekundu limeingia kwenye bizimu yangu, ikawa nzito kuzunguka. Nilipuliza kwa kompresa ikafunguka.

Jibu: Vizuri. Usipake mafuta, yanashika vumbi zaidi. Mikanda yenyewe ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ianike kivulini. Si javeli (dawa ya kung'arisha nguo), si petroli. Na gari likilala nje, ifunike. Jua linaila polepole.

Ruashi_Turbo: Mimi nimefunga mpira mwembamba kila upande kuvuta mikanda ya mabega pembeni. Nikiingia siikalii tena.

Jibu: Naiga kesho.

GTi_Kampemba: Nimesoma sasa. Naweza kuivaa nikienda kazini?

Jibu: Usitoe mkanda wa kiwandani. Ukikazwa na wa mbio kama nilivyoeleza hutaweza kuinama kutazama njia panda, na ukiulegeza ili uiname hauna kazi. Mjini pointi tatu.

Dada_wa_Starlet: Kiti kimebadilishwa. Tumepima nikiwa na kaske: digrii 7 kushuka. Suderi alinicheka, akasema hata magari ya mgodi hayapimwi hivyo.

Jibu: Mwache acheke. Nitumie picha ya vipingo vitatu kabla hujakaza.