Somo: Kupima huduma ya matatu, tukianzia njia ya Kisumu–Maseno, Kenya

Wengi wakitaka kujua kama matatu zinatuhudumia vizuri huwauliza abiria, "Mmeridhika?" Aliyezoea shida atajibu ndiyo. Kwa hivyo tuanze na saa.

1. Chagua njia moja. Ipime asubuhi na jioni, siku tatu za kazi.

2. Andika saa mara nne: ulipofika steji, ulipopanda, gari lilipoondoka, uliposhuka. Wengi huruka hiyo ya tatu, na ndiyo yenye habari. Matatu haina ratiba, hungoja ijae. Ukiwa wa kwanza kupanda gari la abiria 14, utangoja ndani, jua likiwaka, makanga akigonga bodi na kuita "wawili, wawili!" huku viti vitano viko vitupu. Dakika hizo ni za kungoja, si za safari.

Andika pia muda kati ya gari na gari. Yakiachana dakika 2, kisha 18, kisha 2, kisha 18, wastani ni 10. Utadhani abiria anangoja 5. La, anangoja zaidi ya 8, maana wengi hufika steji ndani ya lile pengo refu.

3. Nauli uliyotajiwa, na uliyolipa. Kama mvua ilinyesha, andika, maana nauli hupanda.

4. Mkifika Kisian, katikati ya njia, hesabu vichwa. Vuta mkanda uone kama unafunga. Sheria za Michuki, zile za usalama wa matatu, zinaudai tangu 2004.

5. Sasa uliza abiria. Kipimo cha ubora wa huduma kiitwacho SERVQUAL (Parasuraman, Zeithaml na Berry, 1988) hulinganisha ulichotarajia na ulichopata. Uliza kwa lugha ya steji: "Mara ya mwisho kuuzwa kwa gari lingine njiani ilikuwa lini?" Yaani kushushwa na kuhamishiwa gari jingine kabla ya kufika.

Maswali ya wanachama

*Makanga akiniona naandika si atadhani mimi ni wa trafiki?*
Andika kwenye simu, na akiuliza mwambie ukweli. Nambari ya gari iache. Tunapima njia, hatumwindi mtu.

*Boda ya kutoka steji hadi nyumbani nihesabu?*
Ndiyo, muda na nauli.

*Nikiuzwa njiani, ni safari mbili?*
Ni moja, na saa isisimame. Mimi niliuzwa Otonglo usiku pamoja na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Tulisimama kando ya barabara dakika 25, na gari la pili lilikuwa na kiti kimoja. Ukiigawa safari hiyo, zile dakika 25 hazitaonekana popote.