Somo: Kubadili taa za kutua kwenye ndege ndogo, kutoka balbu za zamani kwenda LED

Wakuu, somo hili ni la wenye Cessna 172, 182, 206 au Piper Cherokee ambazo bado zina ile balbu ya duara, iwe mbele kwenye boneti au kwenye ukingo wa bawa. Saizi yake ni PAR 36, kipenyo kama sentimita 11.4. Kwenye mfumo wa volti 14 mara nyingi utakuta namba 4509, wati 100. Kwenye volti 28 utakuta 4591 ya wati 100 au 4596 ya wati 250.

Kwa nini ubadili? Mtengenezaji mwenyewe ameipa 4509 umri wa saa 25 za kuwaka. Ikiwa imekaa kwenye boneti, mtikisiko wa injini unakula hata hizo. Ndiyo maana marubani wengi huiwasha fainali tu, yaani wakishanyooka na njia kwenda kutua, na kuizima wakishagusa chini. LED ya saizi hiyohiyo inaishi maelfu ya saa, kwa hiyo unaiwasha kabla ya kuruka na kuizima ukishaegesha. Kwangu hilo ndilo kubwa. Pale JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hapa Dar, njia ya kurukia ina taa zake na utaiona tu. Shida ni wengine wakuone wewe, hasa jioni yenye ukungu wa joto, ndege za Cessna Caravan zikipishana kwenda na kurudi Zanzibar na ndege kubwa iko nyuma yako. Na huku kwetu jua likizama, kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, giza halichelewi.

Hatua ya kwanza ni karatasi, si bisibisi. Kabla hujalipa hata senti, mwambie muuzaji akuonyeshe kibali cha taa hiyo: PMA, yaani kibali cha kutengeneza kipuri, ya mamlaka ya anga ya Marekani (FAA) ikiwa na orodha ya ndege inazoruhusiwa, au STC, yaani kibali cha kubadili muundo wa ndege, inayotaja aina ya ndege yako. Taa ije na cheti chake, yaani fomu 8130-3 ya FAA au Form 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya. Mpelekee injinia wako mwenye leseni asome kwanza, maana saini ni yake na ndiye atakayeulizwa na TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania. Taa kama Parmetheus ya Whelen na SunSpot ya AeroLEDs zinafahamika, lakini jina la kampuni peke yake halitoshi. Angalia namba kamili ya kipande na volti zake.

Hatua ya pili, pima nafasi. LED inatoa joto lake kwa nyuma, kwa hiyo ina mgongo wa chuma wenye mapezi. Kuna mashimo ya boneti ambayo mgongo huo unagusa bomba au waya. Pima kina kabla ya kuagiza.

Hatua ya tatu, chora mwanga wa zamani. Jioni, isimamishe ndege ikitazama ukuta wa hanga, washa taa, weka alama kwa chaki pale mwanga unapokolea. Andika umbali kutoka ukutani na hali ya matairi. Bila hiyo utabaki kukisia, na taa inayomulika juu sana haina faida pua ikishainuliwa.

Hatua ya nne: zima swichi kuu, vuta breka ya taa (kile kikata umeme cha saketi yake), toa hasi ya betri. Fungua pete, toa balbu, kisha angalia waya vizuri. Hewa ya bahari ya Dar haina huruma. Utakuta vichwa vya waya vina unga wa kijani au mweupe, na waya umekuwa mgumu. Kata sehemu iliyooza, bana kichwa kipya kwa koleo lake, tumia waya wa ndege, si wa gari. Athi nayo, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi: kwangua alumini mpaka ing'ae, kaza, paka dawa ya kuzuia kutu. LED inayopepesa mara nyingi haijafa, athi yake ndiyo mbovu.

Hatua ya tano, funga taa mpya. Soma kama ina chanya na hasi, na kama ina upande wa juu, kwa sababu baadhi ya LED mwanga wake si wa duara. Rudisha betri, ilinganishe na alama zako za chaki.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa, na ndiyo ningekuomba usiiruke. Ndani ya LED kuna kisaketi kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kikiwa kibaya kinakuwa redio ndogo inayoshindana na yako. Washa redio zote, fungua skwelchi (kizuia kelele cha redio), pitia masafa unayotumia kati ya 118 na 137 MHz, huku mwenzako akiwasha na kuzima taa. Kelele ikipanda taa ikiwaka, hapo kuna kazi. Fanya hivyohivyo kwa redio za kuongozea ndege, VOR na ILS, halafu angalia GPS kama inapoteza satelaiti. Rudia injini ikiwa inanguruma, maana alternata huleta mambo yake. Mwisho tazama dira ya sumaku: usomaji wake ukihama taa inapowaka, injinia lazima ajue kabla hujaruka.

Baada ya hapo ni kuandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, kurekebisha orodha ya vifaa na uzito kama umebadilika, na saini ya injinia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini nisichukue spotilaiti ya Land Cruiser pale Kariakoo? Inawaka kuliko hiyo na bei ni kidogo sana.

Kuwaka itawaka, sibishi. Lakini haina cheti, hakuna aliyeipima kelele za redio wala mtikisiko wa ndege, na ukipata ajali kampuni ya bima itaanzia hapo hapo. Iache kwenye Land Cruiser.

Shikamoo fundi. Ndege ya mzee wangu ni ya miaka ya 70, volti 14. Nimeshauriwa HID, zile taa za gesi, unasemaje?

Marahaba. HID ina mwanga mzuri, ila inahitaji balasti yake, inavuta umeme mwingi inapoanza na inachukua sekunde kadhaa kukolea. Kuiwasha na kuizima kila mara kunaichosha. Kwa ndege ya namna hiyo ningeenda LED. Alternata za Cessna nyingi za zamani ni za ampea 60, na kwenye mfumo wa volti 14 balbu ya wati 250 peke yake hula karibu ampea 19. LED ya wati 45 ni kama ampea 3 na kidogo.

Kaka, kwa kuwa LED inakula kidogo, nipunguze breka?

Breka inalinda waya, si taa. Waya ni uleule, breka ibaki ileile, isipokuwa maelekezo ya mtengenezaji yakisema vingine.

Nina shimo la taa ya kutua na la taa ya kutembelea ardhini (taxi), hela ya taa moja. Nianze na ipi?

Ya kutua. Ila usiweke taa ya kutua kwenye shimo la kutembelea: mwanga wake ni mwembamba na wa mbali, na ukikata kona hutaona ukingo.

Kunguru wa Dar wanakimbia hii taa?

Usiwategemee. Kuna majaribio Marekani yaliyoonyesha baadhi ya ndege wa porini wanastuka mapema wakiona taa, lakini kunguru wetu sijui nani alishawafundisha adabu.

Vipi ile ya kumulika kwa zamu, kushoto na kulia?

Mchana inasaidia sana kuonekana. Inahitaji kibali chake na kisaketi chake, usidhani imo ndani ya taa. Ukiingia kwenye ukungu au mvua izime, itakurudishia mwanga machoni. Na ukiwa kwenye foleni ya kuondoka Terminal 1 ya JNIA, izime pia, rubani aliyekuelekea anajaribu kusoma vipimo vyake.